Nusu Kilo ya Maharage, Wiki Nzima ya KKK (Kusoma, Kuandika na Kuhesabu): Mwongozo wa Kufundisha Darasa la Kwanza na la Pili kwa Vitendo

Kufundisha kwa vitendo hakukwami kwa kukosa mawazo, hukwama Jumatano. Jumatatu mwalimu amekuja na saa aliyoitengeneza kwa boksi. Jumanne amekuja na wanyama wa udongo. Usiku wake alikesha akikata kadi 70 kwa mkasi butu, na Jumatano hiyo akaishiwa nguvu, akarudi kwenye chaki na "semeni wote baada yangu". Hakuna anayeweza kumlaumu.

Njia ninayoipendekeza ni nyingine. Chagua kitu kimoja cha kawaida, kikae darasani Jumatatu hadi Ijumaa, na kila kipindi kikitumie hicho hicho: leo kinahesabiwa, kesho kinasomwa, keshokutwa kinaandikwa. Unaandaa mara moja, unafundisha siku tano. Hapa nitaeleza kwa kirefu wiki ya mbegu, kwa darasa la shule ya msingi ya serikali lenye watoto 60 au zaidi, madawati yaliyobanana na vipindi vya dakika 30. Mwishoni nitagusa wiki nyingine tatu. Ukishaielewa ya mbegu, hizo utazipanga mwenyewe.

Nimeanza na mbegu kwa sababu mbegu ina kitu ambacho vizibo vya soda havina: inabadilika yenyewe. Mtoto aliyeacha harage lake kwenye maji Jumatatu ana sababu ya kuja shule Jumanne. Ana jambo la kusema, na mtoto mwenye jambo la kusema huandika haraka kuliko yule anayenakili "baba analima" kutoka ubaoni.

Ijumaa ya wiki iliyotangulia: maandalizi

Nunua nusu kilo ya maharage makavu ya sokoni na robo kilo ya choroko. Nusu kilo ya maharage inawatosha watoto 60 kwa punje kumi kumi, na akiba inabaki. Chambua yaliyotobolewa na wadudu na yaliyopasuka, kwa sababu mengi ya hayo hayaoti. Usinunue mbegu za duka la pembejeo zilizopakwa rangi ya waridi, kijani au bluu. Rangi hiyo ni alama ya dawa ya kuua wadudu na ukungu, na watoto wa umri huu bado wanatia vidole mdomoni.

Usalama wa mbegu usiupite juu juu. Maharage mabichi, hasa mekundu, yana sumu inayosababisha kutapika na kuumwa tumbo mpaka yachemshwe vizuri, kwa hiyo sheria ya kwanza ya wiki ni kwamba haya hayaliwi. Sheria ya pili ni hesabu: kila mtoto anapokea punje kumi na anarudisha punje kumi. Ikipungua moja, itafute kabla hamjaendelea, kwa sababu mahali inapopenda kwenda ni puani au sikioni. Ikitokea imeingia sikioni, usimwagie maji ukidhani itatoka. Harage hunywa maji likavimba, na kulitoa kutakuwa kugumu zaidi. Mpeleke mtoto zahanati. Na utakapowaambia watoto walete mbegu kutoka nyumbani, taja wazi kwamba mbarika (nyonyo) na mbono kaburi (jatropha) hazitakiwi; zote mbili ni sumu kali.

Vifaa vingine ni vya kuokota. Tafuta chupa tisa za maji za lita moja na nusu, nane za watoto na moja ya mwalimu, uzikate shingo. Makali ya plastiki yazungushie utepe wa gundi, au yapitishe haraka kwenye sufuria ya moto yalainike. Tafuta trei za mayai. Trei moja ina mashimo 30, sita kwa matano, na ukiikata vipande vitatu vya safu mbili mbili unapata vipande vyenye mashimo kumi kila kimoja. Sijaona zana ya kuhesabu inayoshinda hiyo, na muuza chipsi wa jirani atakupa bure. Ongeza kiroba cha unga kilichokwisha, ukifumue kiwe bango, na kalamu mbili za wino mzito. Kiroba kina faida kuliko manila: hakichaniki, kinakunjwa, na hakichezewi na unyevu wa masika.

Gundi pika mwenyewe. Vijiko viwili vya unga wa muhogo au ngano, kikombe cha maji baridi, koroga motoni hadi iwe kama uji mzito. Inakaa siku mbili tatu, kisha inaanza kunuka.

Kazi ya mwisho ya Ijumaa ni chupa ya mwalimu. Loweka choroko na maharage machache siku hiyo hiyo, uyapange kwenye chupa moja kwa namna nitakayoieleza Jumanne, uiweke ofisini au nyumbani. Hii ndiyo bima yako. Dar es Salaam, Tanga au Mtwara harage lililolowekwa Jumatatu huchomoza kizizi kati ya Jumatano na Alhamisi. Njombe, Mufindi au Lushoto kwenye miezi ya baridi, Ijumaa inaweza kufika na bado limelala. Huko tumia choroko zaidi, kwa kuwa huwahi kuota, na chupa ya mwalimu itawaonyesha watoto kinachokuja.

Kuwapanga watoto 60

Mara nyingi tunashauriwa tuwe na kona nane za kujifunzia, makundi yanazunguka. Zinapendeza sana siku mthibiti ubora (mkaguzi wa shule) anapotembelea. Katika darasa la watoto 60 na mwalimu mmoja, kona nane maana yake ni kona saba zisizo na mtu mzima, na baada ya dakika kumi unakuwa askari wa usalama barabarani. Gawa darasa mara mbili tu. Nusu moja iko na wewe kwenye shughuli inayohitaji jicho lako. Nusu nyingine iko chini ya mti au ukumbini, inafanya kazi ambayo tayari inaijua na isiyohitaji maelezo mapya: kuandika kwa kijiti mchangani, kusomeana kadi, mchezo wa kuhesabu wa jana. Baada ya dakika 15 mnabadilishana.

Ndani ya kila nusu, watoto wakae wanne wanne na wawe na kundi la kudumu wiki nzima. Kila kundi liwe na mgawaji mmoja anayechukua na kurudisha vifaa. Cheo hicho kizunguke kila siku, maana kinagombewa. Ishara ya kubadilishana iwe mpigo wa makofi ambao darasa linaujibu. Sauti yako itunze kwa kazi nyingine.

Mtoto anayesema Kisukuma, Kihehe au Kimasai nyumbani mwache alitaje kwanza harage kwa lugha yake, kisha wenzake wamtajie kwa Kiswahili. Kushika kitu huku akisikia jina lake ndiyo njia fupi kuliko zote ya kupata msamiati. Na anayesema "mahalage" usimkate katikati ya sentensi. Mwache amalize, halafu wewe rudia neno sawasawa ndani ya jibu lako.

Jumatatu: kushika, kubishana, kuloweka

Mgawaji wa kila kundi alete kopo lenye punje 40. Kila mtoto achukue kumi, azihesabu kwa kuzigusa moja moja na kuzisogeza upande. Hapo hapo utawaona wale wanaotaja namba haraka kuliko kidole kinavyokwenda. Wameimba namba, hawajahesabu. Kumbuka majina yao.

Kisha uliza swali la wiki: harage hili liko hai, au haliko hai? Usijibu. Weka makopo mawili mezani, moja umechora jani, jingine umechora jiwe. Kila mtoto apite atumbukize punje moja kwenye kopo la anachoamini. Mwageni makopo na kuhesabu kwa pamoja, kumi kumi, kwenye vipande vya trei. Kopo lipi lina nyingi? Zimezidi kwa ngapi? Hiyo ni kutoa, na hakuna aliyeambiwa kwamba sasa tunatoa. Andika matokeo kwenye kona ya kiroba, kwa sababu Ijumaa mtapiga kura tena.

Kipindi cha kuhesabu kinachofuata kicheze "ngapi zimefichwa". Watoto wawili, punje kumi. Mmoja anazitazama, anafumba macho, mwenzake anaficha baadhi kwenye ngumi. Anafumbua, anatazama zilizobaki, anataja zilizofichwa. Ngumi inafunguliwa, jibu linaonekana lenyewe, hakuna anayehitaji kukuuliza kama amepata. Kwa Darasa la Kwanza mwanzoni mwa mwaka tumia punje tano. Wakizoea nenda kumi. Darasa la Pili wanaweza kucheza kwa 20 na kuandika kila mzunguko kama sentensi ya namba: 20 – 7 = 13. Mchezo huu ndio utakaoupeleka chini ya mti kesho.

Kwa kusoma, anza na makofi kabla ya herufi. Tajeni majina ya mbegu na kupiga makofi kwa kila silabi: ku-nde, cho-ro-ko, ma-ha-ra-ge. Weka punje moja kwa kila kofi. Njugu ni mbili, mbegu ni mbili, lakini mtama ni tatu, kwa kuwa "m" ya mwanzo inasimama peke yake: m-ta-ma. Watoto wakisikia tofauti hiyo kwa masikio sasa, hawatababaika baadaye wanapokutana na maneno kama "mti" na "mbuzi" kwenye kitabu. Herufi zenyewe zitaje kwa sauti zake. Mtoto aliyefundishwa "em-a" hufika kwenye "ma" kwa safari ndefu.

Kabla ya kutoka, kila mtoto atoe harage moja alilolichagua na kulitia kwenye ndoo ya maji. Bakiza yale makavu. Loweka pia maharage machache ya akiba na punje za mahindi, mtazihitaji kesho.

Jumanne: ndani ya harage kuna nini

Hii ndiyo siku tajiri kuliko zote, na ndiyo siku ya kuwa na subira na kelele.

Toa maharage majini asubuhi. Yakikaa zaidi ya siku moja huanza kuchacha. Mpe kila mtoto harage lililovimba na lile kavu, ayashike yote mawili, moja kila mkono. Lipi kubwa? Lipi zito? Ngozi imekuwaje? Waache waseme kabla ya wewe kusema lolote. Kisha kwenye kila kundi la wanne, chukua harage moja la akiba, litoeni ganda na kuligawa. Litapasuka lenyewe nusu kwa nusu, na pembeni mwa nusu moja atalala mmea mchanga mdogo kabisa, mara nyingi mwenye vijani viwili vinavyoonekana kwa macho. Kwa watoto wengi huu ndio wakati ambao swali la Jumatatu linaanza kuwasumbua. Usiwamalizie. Wape punje ya mahindi iliyolowekwa wajaribu kuigawa, haigawanyiki. Nalo hilo liacheni hivyo hivyo.

Sasa mnapanda kwenye chupa. Ndani ya chupa iliyokatwa zungusha kitambaa cha pamba au karatasi ya chooni iliyokunjwa mara kadhaa, kisha jaza katikati mchanga ili kitambaa kibanwe ukutani. Mimina maji kidogo kidogo mpaka kitambaa chote kiloe na mchanga uwe na unyevu, bila maji kusimama. Kila mtoto achomeke harage lake kati ya kitambaa na plastiki, vidole viwili chini ya ukingo, ili lionekane kwa nje. Chupa moja inabeba maharage manane bila kubanana, na chupa nane zinachukua watoto 64. Nje ya chupa, chini ya kila harage, andika jina la mwenyewe kwa kalamu ya wino. Mtoto asiye na harage lake hana habari nalo. La kundi zima si la mtu. Chupa ziwekwe kivulini, na mgawaji wa siku awe na kazi ya kuangalia kama kitambaa kimekauka. Harage linalozama majini huoza, na harufu yake itawafundisha wenyewe.

Kipindi cha mwisho cha asubuhi ni hadithi ya darasa, na hapa ndipo vitendo vinapogeuka kuwa kusoma. Tundika kiroba. Uliza: tumefanya nini leo? Watoto watoe sentensi, wewe uandike kwa hati kubwa ya kuchapa, ukitamka kila silabi unapoiandika. Sentensi nne au tano zinatosha:

Tuliloweka maharage.
Harage langu limevimba.
Ndani kuna majani madogo.
Limetoa mkia.

"Mkia" huo ni kizizi cha kwenye chupa ya mwalimu, ambayo utakuwa umewaonyesha. Uandike mkia kama ulivyosemwa. Ukisahihisha saa ile ile, sentensi inakuwa ya mwalimu na kesho hakuna atakayeikumbuka. Alhamisi mkia utageuka mzizi, na watauona ukigeuka. Kwa kuwa wameyasema wenyewe, watoto wanaoshindwa kurasa za kitabu huweza kuusoma mstari huu. Ndiyo, mwanzoni wanakariri. Dawa yake iko kesho.

Daftarini, Darasa la Kwanza wachore harage kavu na lililovimba na kuandika neno moja chini ya kila picha. Darasa la Pili waandike sentensi mbili zao. Kila siku ya wiki hii kitu fulani lazima kibaki daftarini, hata kama ni mstari mmoja na hesabu mbili. Mzazi anapofungua daftari tupu na kuambiwa "tulichezea maharage", atakuja kwa mwalimu mkuu, na atakuwa na haki.

Jumatano: kukata na kujenga upya

Siku nyepesi kwako, kwa makusudi. Andika sentensi za jana kwenye vipande virefu vya boksi, na mbele ya watoto uzikate maneno. Wazipange upya. Kisha kata maneno mawili au matatu yawe silabi: ma, ha, ra, ge. Sasa aliyekariri anabainika, kwa sababu "ra" peke yake haiko kwenye wimbo. Kwa silabi hizo hizo waunde maneno mengine: hama, rama (wanacheka; si neno, waeleze kwa nini wanadhani si neno), hara (watacheka zaidi, endelea), mara. Chagua maneno ya kukata kulingana na herufi mlizokwisha kufundishana. Kama bado mko kwenye irabu na konsonanti chache, "maji" na "jani" vinatosha, na silabi za mwambatano kama "mbe" ya mbegu zisubiri.

Nusu iliyo nje inaandika. Mimina mchanga mkavu kwenye sinia au ungo, mtoto achore herufi kwa kidole, atikise, achore tena. Kwa wanaochanganya b na d, wapange umbo la b kwa punje za maharage, mstari kwanza halafu tumbo, wakitaja mwelekeo wa mkono. Anayetumia mkono wa kushoto muache na mkono wake, umkalishe tu upande wa kushoto wa dawati asigongane na jirani.

Jaribio moja dogo la kufanya leo: kwenye chupa ya mwalimu, toa harage lenye kizizi kilichonyooka, ulirudishe likiwa limepinduliwa, kizizi kikitazama juu. Waulize kesho kitakuwa kimeelekea wapi. Msiongeze maelezo.

Alhamisi: kupima

Kizizi kilichopinduliwa kitakuwa kimejikunja ncha na kuanza kutazama chini. Kutoka hapo darasa zima litakuwa limejipanga kwenye chupa kutafuta vizizi vyao, kwa hiyo waite chupa moja moja.

Kupima kwa rula ni mapema kwa Darasa la Kwanza, na kwenye plastiki iliyopinda rula haikai. Tumia unyasi au uzi. Mtoto ashikilie uzi kando ya kizizi chake, mwenzake akate pale kinapoishia. Uzi huo ndio urefu. Chora mstari wa msingi chini ya kiroba, kila mtoto abandike uzi wake kwa gundi ukisimama juu ya mstari, jina chini. Mmetengeneza grafu bila kutaja neno hilo, na kila kijistari ni mtoto anayejulikana. Ulizeni: nani mrefu kuliko wote? Ni wangapi wanalingana? Ni wangapi hawana uzi? Darasa la Pili wapime uzi kwa rula baada ya kuubandika na kuandika sentimita.

Kutakuwa na maharage yasiyoota. Usiyabadilishe kimya kimya usiku. Yatoeni, myafinye, mnuse. Mwenye harage lililokufa apewe choroko kutoka kwenye chupa ya mwalimu, na nafasi yake kwenye grafu ibaki tupu leo. Sifuri ni namba ngumu kufundisha, na hapa imekuja yenyewe.

Kwenye hadithi ya darasa, fika kwenye mstari wa nne. Mkia huu unafanya kazi gani? Wakishasema unakunywa maji, waambie jina lake ni mzizi, liandike juu ya "mkia" bila kufuta la chini. Ongezeni sentensi mbili mpya.

Kuhesabu kwa Darasa la Pili leo ni makumi na mamoja. Kila kundi lipewe konzi ya punje bila kuhesabiwa, lijaze vipande vya trei. Kipande kilichojaa ni kumi moja; zilizobaki ni mamoja. Vipande vitatu na punje nne, andika 34. Kisha makundi mawili yaunganishe punje zao na kuona mamoja yakizidi kumi yanavyohamia kwenye kipande kipya. Kubeba wakikuelewa hapa, ubaoni hutakuwa na kazi kubwa.

Ijumaa: kura ya pili, na kupima wachache

Rudisha makopo mawili. Hai au si hai? Wapige kura tena kwa punje kavu, wahesabu, walinganishe na Jumatatu. Wachache bado watatumbukiza kwenye kopo la jiwe, wakisema lile kavu halikuwa hai, maji ndiyo yaliyolifanya hai. Hilo ni wazo zuri na lisikilizwe: waulize kwa nini basi jiwe halioti likilowekwa.

Someni kiroba chote, kwanza pamoja, kisha kundi moja moja, kisha anayetaka. Nusu ya nje ipande mahindi na maharage kwenye bustani ya shule, mashimo ya kina cha vidole viwili. Baada ya wiki moja au mbili waende kutazama jinsi harage linavyojitokeza na vipande vyake viwili vikiwa juu ya ardhi, wakati punje ya hindi imebaki chini. Chupa zenyewe nazo zihamishiwe huko, kwa sababu kwenye kitambaa mmea huishi kwa akiba ya harage tu na baadaye hudhoofika.

Wakati huo wewe pima. Usijaribu kuwapima wote 60. Chukua 12, mmoja mmoja, dakika mbili mbili kwenye kiti kando yako: asome mstari mmoja wa kiroba na neno moja lililokatwa, akuhesabie punje hadi utakapomsimamisha, aandike neno moja unalomtajia. Weka alama tatu tu kwenye daftari lako: anaweza, anakaribia, bado. Kwa wiki tano umewapitia wote, na unaanza upya. Wale uliowakumbuka Jumatatu, waliotaja namba haraka kuliko kidole, wawe kwenye 12 wa kwanza.

Kazi ya nyumbani ya Ijumaa: waulize bibi, babu au mzazi mbegu gani zinapandwa kwao na mvua zipi. Jibu waje nalo mdomoni, hakuna karatasi.

Wiki nyingine tatu, kwa mpango huo huo

Wiki ya duka. Kusanya pakti tupu za chumvi, maboksi ya dawa ya meno, chupa, vibiriti vilivyokwisha. Pesa za boksi zikatwe kwa kufuatiza sarafu halisi za shilingi 50, 100, 200 na 500. Darasa la Kwanza wasitumie 50, na bei zote ziwe za mia: mia mbili na mia tatu ni mia tano, yaani wanajumlisha 2 na 3 tu huku wakijisikia wakubwa. Chenji wafundishwe kama wauzaji wanavyorudisha, kwa kuhesabu kwenda juu: umenunua cha mia tatu, umetoa mia tano, "mia nne, mia tano", sarafu mbili mkononi. Bei wanaandika wenyewe, na orodha ya manunuzi ndiyo zoezi la kuandika. Mwalimu wa Gredi ya 1 Kenya atafanya hivyo hivyo na ana nafuu zaidi, kwa kuwa sarafu zake za shilingi 1, 5, 10 na 20 zinaingia moja kwa moja kwenye namba ndogo.

Wiki ya kivuli inahitaji jua na chaki. Mtoto asimame mahali palepale saa mbili, saa nne na saa sita, mwenzake achore nyayo na kivuli. Vipimo ni hatua na mashibiri. Ukiweza, rudia mwezi wa Juni na wa Desemba: popote Tanzania, kivuli cha adhuhuri cha Juni huelekea kusini na cha Desemba huelekea kaskazini. Darasa la Pili litashtuka. Walimu wenzako pia.

Wiki ya maji ifanyike siku ambazo maji yapo. Chupa mbili za nusu lita hujaza ya lita moja. Vikombe vingapi hujaza ndoo. Nini kinaelea na nini kinazama. Ifanyike nje, na sharubati ya matope itakuwepo tu.

Kutunza vifaa

Vipande vya trei, kadi za silabi na uzi weka kwenye ndoo yenye mfuniko, si kwenye boksi, kwa sababu gundi ya muhogo huvuta panya na mende. Viroba vya hadithi usivitupe. Vikunje vikiwa vimeandikwa tarehe kwa nyuma. Mwezi wa tatu watoto watasoma cha mwezi wa kwanza kwa kasi inayowashangaza wenyewe, na wanaojiunga katikati ya mwaka watakuwa na maandishi rahisi ya kuanzia. Maharage yaliyobaki yakauke juani na kuchanganywa na majivu kidogo, la sivyo fukusi watayatoboa kabla ya muhula kwisha. Kama hutaki usumbufu huo, yapeleke jikoni, ila yale tu ambayo hayakupita mikononi mwa watoto 60, na kwa mazoezi ya kuhesabu ya kila siku hamia kwenye vizibo.